Mahakama ya Rufaa ya Kenya: kazi yake, anayeiongoza, na zile siku 14

Kila tunapofungua simu katika kipindi cha masuala ya sheria, nusu saa haipiti kabla ya mtu kuuliza swali linalofanana na hili: kesi yangu ya shamba iliamuliwa mwaka jana, sikuridhika, sasa nimeuza ng'ombe nipate pesa za wakili, je, rufaa naanzia wapi? Ni swali gumu kulijibu hewani. Ng'ombe keshauzwa, na muda wa kukata rufaa ulikwisha zamani.

Ndiyo maana tumeona tuandike makala haya, myasome polepole kwenye simu zenu, mrudie mnapotaka, na mmwoneshe jirani mwenye kesi. Tutaeleza Mahakama ya Rufaa ni kitu gani, nani anaiongoza, majaji wake hukaa vipi, na hasa mambo yanayowafanya watu wapoteze rufaa kabla hata ya kusikilizwa. Hatuchukui nafasi ya wakili. Lakini kuna mambo ambayo mtu akiyajua mapema, hata wakili anapata kazi rahisi.

Kuu, Rufaa, Upeo

Majina huwachanganya wengi, hata sisi watangazaji tumewahi kuteleza tukisoma taarifa. Chini kabisa kuna mahakama za mahakimu, na kwa Waislamu kuna mahakama za kadhi zinazosikiliza ndoa, talaka na mirathi pale pande zote mbili ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Juu yake ni Mahakama Kuu. Sambamba na Mahakama Kuu, zikiwa na hadhi sawa nayo, kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na pia Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kikazi. Juu ya hizo tatu ndipo ilipo Mahakama ya Rufaa. Na kileleni ni Mahakama ya Upeo, ambayo wengine huiita Mahakama ya Juu, na hapo ndipo wasikilizaji wengi huichanganya na Mahakama Kuu.

Kwa hivyo Mahakama ya Rufaa ni ya katikati. Haianzi kesi. Huwezi kumshtaki jirani yako pale kwa sababu amesogeza mpaka. Kazi yake ni kuangalia kama mahakama iliyo chini yake ilikosea.

Ukisikia ni ya katikati, usidhani ni kituo cha kupita tu. Katiba, kifungu cha 163, inaruhusu rufaa kwenda Mahakama ya Upeo kwa njia mbili tu: kesi iwe inahusu tafsiri au matumizi ya Katiba, au ithibitishwe kuwa ina jambo lenye umuhimu kwa umma wote. Ugomvi wa ekari mbili baina ya ndugu, au mkopo wa chama, mara nyingi hauingii katika njia yoyote ya hizo. Kwa mwananchi wa kawaida, basi, majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa ndio watakaosema neno la mwisho.

Zamani walikuwa ndio wa mwisho kwa kila mtu. Kabla ya 1977 rufaa za Kenya, Uganda na Tanzania zilisikilizwa na mahakama moja ya rufaa ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka huo, kila nchi ikabaki na jukumu la kuunda yake. Kenya iliunda Mahakama ya Rufaa mwaka huo huo wa 1977, nayo ikawa kilele cha mahakama zetu kwa zaidi ya miaka 30, hadi Katiba ya 2010 ilipoleta Mahakama ya Upeo. Watanzania walifuata na yao mwaka 1979, na kwao mpaka leo Mahakama ya Rufani ndiyo ya juu kabisa. Wasikilizaji wetu walio karibu na mpaka wakumbuke hilo wanapobishana na shemeji zao wa upande wa pili.

Kiongozi anayechaguliwa na wenzake

Watu wengi hudhani Jaji Mkuu ndiye anayeongoza kila mahakama. Jaji Mkuu ni kiongozi wa Idara nzima ya Mahakama, na pia ni rais wa Mahakama ya Upeo. Mahakama ya Rufaa ina rais wake, na namna anavyopatikana ni ya kuvutia: majaji wa mahakama hiyo hupiga kura wao kwa wao na kumchagua mmoja wao. Rais wa nchi hamteui, wala Bunge halimpigi msasa. Hilo limo katika kifungu cha 164 cha Katiba.

Jaji Kihara Kariuki alichaguliwa mwaka 2013. Aliondoka 2018 alipoteuliwa Mwanasheria Mkuu, na Jaji William Ouko akashika nafasi. Ouko naye alienda Mahakama ya Upeo mwaka 2021, na Jaji Daniel Musinga akachaguliwa. Martha Koome, aliyeapishwa kuwa Jaji Mkuu mwezi Mei 2021, naye alitoka katika Mahakama hii ya Rufaa. Utaona kwamba benchi hilo limekuwa kama kitalu cha viongozi wa mahakama nchini.

Rais huyo hufanya nini? Hana kura mbili. Akiketi katika kesi, sauti yake ni moja kama ya jaji mwingine. Uzito wake uko katika mpangilio: nani aketi na nani, jopo gani liende kituo gani, kesi zipi zipewe kipaumbele, mrundiko upunguzwe vipi. Kazi ya kila siku ya hati na tarehe iko kwa msajili wa mahakama. Mbali na hapo, majaji wa Rufaa humchagua mwenzao mmoja kuwawakilisha katika Tume ya Huduma za Mahakama, ile inayowahoji wanaotaka kuwa majaji.

Kuwa jaji wa Rufaa si jambo la mtu kutoka chuoni. Katiba inataka angalau miaka 10 ya tajriba, ama kama jaji, ama kama wakili au mwanazuoni wa sheria aliyebobea. Tume hupendekeza majina, Rais wa nchi huyateua rasmi, na jaji hustaafu akifika miaka 70.

Hapo kwenye uteuzi ndipo mahakama hii iliumia sana. Mwaka 2019 Tume ilipendekeza majaji zaidi ya 40 wa mahakama mbalimbali, Rufaa ikiwemo. Rais Uhuru Kenyatta hakuwateua kwa karibu miaka miwili. Wakati huo wengine walikuwa wakistaafu, na ikawa taabu kupata majaji wa kutosha kuunda majopo nje ya Nairobi. Juni 2021 aliteua 34 na kuwaacha sita. Kati ya hao sita, wanne walikuwa majaji wa Mahakama Kuu waliopendekezwa kupanda hadi Rufaa: Aggrey Muchelule, George Odunga, Joel Ngugi na Weldon Korir. Waliapishwa Septemba 2022, mara tu Rais William Ruto alipoingia madarakani. Sisi tulizungumzia mvutano huo hewani kama habari ya siasa. Kwa mtu aliyekuwa na rufaa yake Kisumu au Malindi, ilikuwa habari ya tarehe ya kesi isiyofika.

Katiba inasema majaji wasipungue 12. Kwa miaka mingi sheria iliweka kikomo cha 30. Ukigawanya idadi hiyo kwa majopo ya watatu watatu, utaona ni majopo 10 tu kwa nchi nzima, iwapo hakuna mgonjwa wala aliye likizoni. Hatuhitaji hesabu kubwa kuelewa kwa nini kesi hukaa.

Watatu mbele, na shahidi hayupo

Anayekwenda kusikiliza rufaa yake kwa mara ya kwanza mara nyingi hurudi nyumbani amevunjika moyo, kwa sababu alitarajia kusimama na kueleza upya. Katika rufaa hakuna shahidi anayeitwa wala chifu anayekuja kuonesha mpaka. Majaji wamesoma kitabu kinene kiitwacho rekodi ya rufaa: kumbukumbu za kesi zilizopigwa chapa, vielelezo, uamuzi wa mahakama ya chini, na sababu zako za kulalamika. Mawakili huwa wameshaandika hoja zao. Siku ya kusikilizwa inaweza kwisha kwa dakika chache tu. Ushahidi mpya hukubaliwa kwa nadra, na ni lazima uwe na sababu nzito ya kutouleta mapema.

Majaji huwa watatu. Wawili wakikubaliana, huo ndio uamuzi, na wa tatu anaweza kuandika maoni yake tofauti. Kesi nzito zaidi huongezewa majaji. Ile ya mpango wa BBI wa kubadilisha Katiba ilisikilizwa na majaji saba.

Kisha kuna tofauti moja ambayo tungependa kila msikilizaji aishike. Ikiwa kesi yako ilianzia Mahakama Kuu au Mahakama ya Ardhi, hii ni rufaa ya kwanza, na majaji wanaweza kupima upya ushahidi wote, wakikumbuka tu kwamba wao hawakumwona shahidi akizungumza. Lakini ikiwa ilianzia kwa hakimu, ikapanda Mahakama Kuu au ya Ardhi, halafu ndiyo ikafika Rufaa, hii ni rufaa ya pili. Hapo majaji huangalia suala la sheria peke yake. Kusema "shahidi wangu hakuaminiwa" hakutakusaidia. Kusema "hakimu hakuwa na mamlaka ya kisheria kusikiliza kesi hii" kunaweza kukusaidia.

Katika jinai ni vivyo hivyo. Mauaji husikilizwa kwanza Mahakama Kuu, kwa hivyo aliyehukumiwa hufika Rufaa na ushahidi wake wote. Wizi wa mabavu huanzia kwa hakimu, na ikifika Rufaa imebaki sheria tu. Tena ukali wa kifungo huhesabiwa kuwa suala la ushahidi, si la sheria. Kwa hivyo katika rufaa ya pili, "miaka ni mingi mno" peke yake haitoshi, isipokuwa kifungo chenyewe kiwe kinyume cha sheria.

Maamuzi yaliyogusa nchi

Tarehe 23 Juni 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 8, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo ya kura za urais yanayotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, na makao makuu ya tume ya uchaguzi Nairobi hayana ruhusa ya kuyabadilisha. Wengi wenu mlioketi usiku kucha katika vituo vya kujumlishia kura mnajua uzito wa maneno hayo. Tangu hapo fomu iliyobandikwa ukutani kwenu ina nguvu ambayo awali ilikuwa ikibishaniwa.

Agosti 20, 2021 ilikuwa zamu ya BBI. Mahakama Kuu ilikuwa imeuzuia mpango huo mwezi Mei, na majaji saba wa Rufaa kwa sehemu kubwa wakakubaliana na Mahakama Kuu. Kesi ikapanda. Machi 31, 2022 Mahakama ya Upeo ilikubali kwamba Rais hawezi kuanzisha mabadiliko ya Katiba kwa njia iliyowekewa wananchi wa kawaida, lakini ikakataa mambo mengine ambayo Rufaa ilikuwa imeyasema, likiwemo la Rais kushtakiwa katika kesi za madai akiwa bado madarakani.

Mfano wa kukaa katikati unaotugusa zaidi sisi wa mashambani ni ule wa vifungo vya kunajisi watoto. Sheria ya Makosa ya Ngono imeweka miaka ya chini kabisa ambayo hakimu lazima atoe. Mwaka 2022 majaji wa Rufaa huko Nyeri walipunguza kifungo cha mtu mmoja kutoka miaka 20 hadi 15, wakisema mahakama isifungwe mikono. Uamuzi wa Rufaa huzibana mahakama zote zilizo chini yake, kwa hivyo wafungwa wengi walianza kuomba nafuu kama hiyo. Julai 12, 2024 Mahakama ya Upeo ikasema hapana, miaka ya chini iliyowekwa na Bunge inabaki, na ile 20 ikarudi. Familia za watoto waliodhulumiwa zilikuwa zikifuatilia, na familia za wafungwa vilevile. Tunasimama na watoto. Hata hivyo, hatuwezi kusema kwamba hoja ya majaji wa Nyeri haikuwa na maana. Kijana wa miaka 18 na mzee wa miaka 60 hupewa kifungo kimoja, na Bunge halijalijibu swali hilo vizuri.

Kuhusu uchaguzi, kesi za kupinga ushindi wa mbunge, seneta au gavana zikitoka Mahakama Kuu, rufaa yake huletwa ndani ya siku 30, huhusu sheria tu, na lazima iamuliwe ndani ya miezi sita. Ile ya urais huenda moja kwa moja Mahakama ya Upeo.

Siku 14 huanza lini?

Sasa tumefika kwenye ng'ombe wetu.

Anayetaka kwenda Mahakama ya Rufaa katika kesi ya madai lazima awasilishe notisi ya rufaa ndani ya siku 14. Siku hizo huhesabiwa tangu tarehe ya uamuzi. Si tangu siku uliyopata nakala, si tangu wakili aliporudi kutoka safari, si tangu ulipopata nauli. Notisi yenyewe ni karatasi fupi, inasema tu kwamba hukuridhika na unakusudia kukata rufaa, na huwasilishwa katika masjala ya mahakama ile ile iliyotoa uamuzi. Baadaye una siku saba za kumkabidhi mpinzani wako nakala.

Kisha una siku 60 za kuandaa rekodi nzima ya rufaa. Hapa wengi hukwama kwa sababu kumbukumbu za kesi hazijapigwa chapa, na masjala huwaambia waje wiki ijayo, halafu wiki nyingine. Kanuni zinakulinda, lakini kwa sharti: uwe umeomba kumbukumbu hizo kwa barua ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na nakala ya barua umempa mpinzani. Ukifanya hivyo, msajili anaweza kukupa cheti cha kuchelewa, na siku ambazo masjala ilikuwa ikiandaa kumbukumbu hazitahesabiwa. Ukiomba kwa mdomo tu, huna cha kuonesha. Tunarudia: barua, mhuri wa kupokelewa, nakala ubaki nayo nyumbani, mbali na panya.

Muda ukikupita, bado kuna mlango mdogo. Unaweza kuiomba mahakama ikuongezee muda, na ombi hilo husikilizwa na jaji mmoja. Ataangalia umechelewa kiasi gani, kwa nini, kama rufaa yenyewe inaonekana ina mwili, na kama mpinzani wako ataumia. Aliyechelewa wiki mbili kwa kulazwa hospitali na ana karatasi ya daktari ana nafasi nzuri. Aliyekaa mwaka mzima akisubiri mavuno, nafasi yake ni finyu.

Jambo la pili linalowaumiza watu: kukata rufaa hakusimamishi uamuzi. Aliyeshinda anaweza kuja na amri ya kukuondoa shambani huku rufaa yako ikiwa masjala. Ni lazima uombe kando utekelezaji usimamishwe. Majaji wa Rufaa huuliza mambo mawili: je, rufaa hii ina hoja ya kusikilizwa, na je, wasiposimamisha, rufaa ikishinda itakuwa imeshindia hewa? Nyumba ikishabomolewa na miembe ikishakatwa, ushindi wa karatasi hautairudisha. Hoja hiyo ieleweke mapema katika ombi lako.

Kwa aliye gerezani, notisi ni siku 14 pia, lakini hahitaji kutoka kwenda popote. Humkabidhi afisa msimamizi wa gereza, naye huifikisha. Mzazi au mke anayemtembelea Jumamosi amuulize tu: umeshaandika?

Asiye na pesa anaweza kuiomba mahakama imwondolee ada ya kuwasilisha rufaa. Pia kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya 2016, ambayo hutoa ushauri na wakati mwingine wakili.

Umbali si ule wa zamani

Hadi mwaka 2013 rufaa ilimaanisha Nairobi, au kungoja majaji wafunge safari kuja kwenu. Mwaka huo vituo vya kudumu vilifunguliwa Kisumu, Nyeri na Malindi, na baadaye majaji wakawa wanaketi pia Mombasa, Nakuru na Eldoret. Tangu janga la korona, kesi nyingi husikilizwa kwa video, na wakili au hata mkata rufaa mwenyewe anaweza kuhudhuria kwa simu yenye intaneti. Tatizo letu ni mtandao. Kuna wasikilizaji wanaojua ni mti gani wa kupanda ili simu ishike, na jaji hatakusubiri upande. Siku ya kesi ni heri uende mji wa karibu mapema.

Maamuzi yote huwekwa kwenye tovuti ya Kenya Law, na kuyasoma ni bure. Andika jina la mmoja wa wahusika na mwaka, uamuzi utaupata.

Utaupata kwa Kiingereza, lakini. Sheria inasema lugha ya Mahakama Kuu na ya Mahakama ya Rufaa ni Kiingereza, ilhali kwa hakimu mnaweza kuzungumza Kiswahili. Mtu anaweza kushinda au kupoteza shamba la babu yake katika kurasa 30 ambazo hawezi kuzisoma. Sisi tunaliona hilo kuwa kasoro, na tumelisema hewani mara kadhaa. Kwa sasa, ukiwa na uamuzi ambao huuelewi, muulize wakili wako kitu kimoja kabla hujatoka ofisini kwake: leo ni siku ya ngapi tangu uamuzi utolewe?